Maji kurudi nyuma kwenye mfumo wa kusafisha maji ya kisima: valvu za njia moja ziwekwe wapi?

kisima_70

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kuhusu mfumo wa maji ya kisima wa nyumbani unaoonyesha dalili za maji kurudi nyuma. Naweka vipimo vyote ili msilazimike kukisia.

Kisima kimechimbwa kwa mashine, kina cha mita 70, keshini (bomba la nje linaloshikilia kuta za kisima) ya milimita 150. Maji yanatulia mita 22 kutoka juu ya ardhi. Pampu ya kuzama iko mita 55, bomba la kupandishia ni la inchi moja na robo. Likishatoka kisimani, bomba linapita kwenye valvu ya njia moja iliyoongezwa na fundi juu ya ardhi (mbali na ile iliyomo kwenye pampu yenyewe), kisha mahali pa kudungia klorini, tangi la presha la lita 200 lenye swichi ya psi 40/60 (pampu huwaka presha ikishuka hadi 40, huzima ikifika 60), tawi la koki ya bustani, tangi la kusubirishia klorini, chujio la mashapo lenye katriji, tangi la kaboni linalojiosha, kilainisha maji, taa ya UV, ndipo yaingie nyumbani. Hita ya lita 200 iko mita moja na nusu tu kutoka kwenye kilainisha.

Dalili ni hizi. Pampu ikiwaka, bomba linagonga mshindo mmoja mkubwa. Alfajiri kichwa cha kilainisha huwa na joto ukikishika. Na kwenye katriji ya mashapo kuna punje nyeusi za kaboni ndani ya tundu la katikati, si upande wa nje. Nimefunga valvu iliyo baada ya tangi la presha na kuangalia geji kwa saa nzima: haishuki.

Mengine ya kujua: mipira ya maji ya kuoshea kutoka kwenye kaboni na kilainisha imechomekwa moja kwa moja ndani ya bomba la maji machafu. Mpira wa bustani unatumika pia kujaza pipa la kunyunyizia dawa ya wadudu.

Nimependekezewa kuweka valvu ya njia moja baada ya kila kifaa, jumla tano. Je, ni sawa?

---

fundi_pampu

Mkuu, usinunue hata moja kwanza. Tuanze na mshindo, kwa sababu unaonyesha kuwa valvu ya chini, ile ya kwenye pampu, haishiki tena.

Pampu ikizima, maji yaliyomo kwenye bomba lililosimama hutaka kushuka hadi usawa wa maji ya kisima, yaani mita 22. Shinikizo la hewa linaweza kubeba safu ya maji ya takriban mita 10.3, basi. Kwa hiyo valvu ya juu ikishika huku ya chini inavuja, safu inashuka mpaka ibaki kama mita 10 juu ya maji ya kisima, na sehemu iliyobaki hapo juu, karibu mita 12, inakuwa ombwe (nafasi tupu isiyo na hewa wala maji). Pampu ikiwaka, maji yanapanda kwenye bomba tupu bila kizuizi na kuigonga valvu ya juu iliyofungwa. Ndio mshindo unaousikia.

Kelele si ubaya wake mkubwa. Wakati sehemu hiyo ya bomba iko kwenye ombwe, kiungo chochote chini ya ardhi kilicholegea hakivuji kwenda nje, kinavuta kwenda ndani. Maji ya udongo, pamoja na chochote kilichomo, yanaingia kwenye bomba kabla hata hujaanza kuyasafisha.

Na ndiyo sababu kipimo chako cha saa moja kilikuonyesha hali njema. Valvu ya juu inaishikilia presha ya tangi na kuficha ugonjwa wa chini. Kipimo kinachofaa ni hiki: weka tii (kiungo cha njia tatu) kati ya kisima na valvu ya juu, na juu ya tii ufunge geji inayosoma chini ya sifuri pia. Washa pampu mpaka izime yenyewe, kisha angalia sindano. Ikibaki karibu na presha ya tangi, valvu ya chini ni nzima. Ikipungua taratibu, isikutishe, kwa sababu kipande hicho cha bomba hakina hewa inayoweza kubanwa, hivyo matone machache tu yanatosha kuishusha. Lakini sindano ikivuka chini ya sifuri ndani ya dakika chache, ama valvu imekwisha, ama bomba limetoboka, ama oringi (pete ya mpira) ya kiungo kinachotoa bomba kwenye keshini imechakaa.

Dawa ni kutoa pampu. Weka valvu mpya ya springi, ya shaba nyeupe isiyo na risasi au chuma kisichoshika kutu, ifungwe kwenye mdomo wa pampu au ndani ya mita 7.5 kutoka kwake. Kwa kina chako moja inatosha. Visima virefu ndivyo huongezewa nyingine kila mita 60 hivi. Kagua kila kiungo kabla ya kurudisha, badilisha oringi hata kama inaonekana nzuri. Ukimaliza, ondoa ile valvu ya juu.

Jambo dogo la kuhakikisha: swichi ya presha iwe upande wa tangi, isitenganishwe na tangi kwa valvu yoyote ya njia moja. Ikitenganishwa, pampu itawaka na kuzima mfululizo hadi mota iungue.

---

dawa_ya_maji

Uchambuzi wa mshindo naukubali wote. Ila hapo pa kuondoa valvu ya juu, napinga kwa mfumo huu.

Klorini yake inadungwa kabla ya tangi la presha. Ukiondoa valvu iliyo kati ya kisima na sindano ya kudungia, siku valvu ya chini itakapovuja tena, maji yenye klorini, na baada yake maji ya tangi zima, yatateremka kisimani. Valvu ibaki pale ilipo, kati ya kisima na mahali pa kudungia, na ile geji ibaki nayo daima. Valvu ya juu inadhuru pale tu ya chini inapokufa bila mtu kujua. Geji ikiwepo, utajua wiki hiyo hiyo. Njia nyingine ni kuhamisha udungaji uwe baada ya tangi la presha, pampu ya dawa iongozwe na mita ya maji badala ya swichi. Hapo valvu ya juu unaweza kuitoa. Ni kazi kubwa zaidi, lakini dozi inakuwa sahihi zaidi kwa sababu inafuata maji yanayotumika kweli.

Sasa pampu ya dawa yenyewe, ambayo watu huisahau. Umeme ukikatika na mtu akafungua koki ya bustani iliyo chini kuliko nyumba, tangi la presha likaisha, bomba kuu linaweza kuingia ombwe. Ombwe hilo likifika kwenye sindano ya kudungia, linafyonza pipa la klorini moja kwa moja kupitia pampu ya dawa. Kinachozuia ni valvu ndogo ya springi iliyo kwenye sindano yenyewe. Hakikisha ipo, na:

– ncha ya sindano ifike katikati ya bomba, isiishie ukutani, la sivyo klorini kali inakula bomba na chokaa inaziba tundu;
– pipa la dawa likae chini ya usawa wa mahali pa kudungia, lisiwekwe kwenye rafu juu yake;
– sehemu za mpira na springi za valvu hiyo zibadilishwe kila mwaka, hata kama hazijaonyesha tatizo;
– ncha itolewe kila baada ya miezi michache na kulowekwa kwenye siki ili kuyeyusha chokaa.

Hapo kwenye siki naomba umakini. Kwanza funga mfumo, toa presha, kisha suuza sindano kwa maji mengi mpaka isibaki na klorini. Asidi yoyote, siki ikiwemo, ikikutana na klorini ya maji hutoa gesi ya klorini, nayo inachoma mapafu. Kwa sababu hiyo hiyo usisafishe kwa kuvuta siki kupitia pampu ambayo bado ina dawa.

Pia, kama pampu ya dawa imefungwa kwenye waya mmoja na pampu ya kisima, ongeza swichi ya mtiririko. Kisima kikikauka au pampu ikizunguka bila kutoa maji, dawa itaendelea kudungwa sehemu moja, na koki ya kwanza kufunguliwa itatoa klorini ya kutisha.

---

rezini_na_kaboni

Mimi nachukua upande wa matangi.

Punje za kaboni ndani ya tundu la katikati la katriji ni ushahidi usio na shaka. Maji ya kawaida huingia kwenye katriji kutoka nje kwenda katikati. Kaboni iko baada ya katriji. Njia pekee ya punje kufika tunduni ni maji kutoka nyumbani kurudi nyuma, yakaingia tangi la kaboni kwa bomba la chini, yakakiinua kitanda cha kaboni na kutokea kwenye mdomo wa kuingilia. Inatokea lini? Pale presha ya mwanzo wa mfumo inapokuwa ndogo kuliko ya nyumbani. Mfano wa wazi ni umeme kukatika kisha koki ya bustani kufunguliwa: maji ya mabomba ya juu ya nyumba na ya hita yanashuka kinyumenyume kupitia kila chombo. Nyingine ni usiku kaboni na kilainisha vikijiosha kwa wakati mmoja. Tangi la kaboni la kipenyo cha sentimita 25 linaweza kutaka lita 20 kwa dakika au zaidi wakati wa kuosha. Likijumlishwa na kilainisha, pampu inazidiwa na presha ya mwanzo inaporomoka. Panga saa tofauti, kaboni saa nane usiku na kilainisha saa kumi.

Joto la kichwa cha kilainisha lina sababu mbili. Moja ni hiyo ya maji kurudi. Ya pili hutokea kila siku bila hitilafu yoyote: maji yakipashwa hutanuka. Lita 200 kutoka nyuzi 10 hadi 60 za Selsiasi huongezeka kama lita 3.4, na kwa sasa hizo zinapata nafasi kwa kusukuma maji kurudi hadi tangi la presha, kupitia kilainisha. Kwa hita iliyo mita moja na nusu, joto linafika. Rezini yenyewe (punje zinazolainisha maji ndani ya tangi) huvumilia joto kuliko vilivyoizunguka. Vinavyoharibika ni plastiki ya kichwa, sili zake na bomba la ndani. Nyingi zimewekewa kikomo cha nyuzi 43 hadi 49, soma kibao cha chako.

Kwa hiyo valvu tano hapana. Weka moja, ya springi, baada ya taa ya UV kwenye bomba kuu linaloingia nyumbani. Hiyo inalinda vyombo vyote dhidi ya maji ya nyumba, ya moto na ya baridi. Ukizipachika kati ya chombo na chombo, kila moja inakula presha ambayo chombo kinachofuata kinaihitaji kujiosha, na maji yaliyofungiwa kati ya valvu mbili hayana pa kutanukia.

Lakini ukiiweka hiyo moja, lazima uweke na tangi la kupokea mtanuko siku hiyo hiyo, usiseme nitaweka baadaye. Zile lita 3.4 hazitakuwa tena na njia ya kurudi. Presha itapanda mpaka valvu ya usalama ya hita ianze kutiririka kila inapopasha, na valvu inayotiririka kila siku hujaa chokaa, ikashindwa kufunga au, vibaya zaidi, ikashindwa kufunguka. Kwa hita yako, tangi la lita 18 linatosha. Lijaze hewa hadi bar 4.1 (psi 60, sawa na presha ya juu ya swichi yako) kabla ya kulifunga, bomba likiwa halina maji. Liwe kati ya valvu mpya na hita, kwenye upande wa maji baridi, na kusiwe na koki ya kufunga kati yake na hita.

Wakati una pampu ya baiskeli mkononi, pima na tangi kubwa la presha: likiwa tupu liwe na psi 38, mbili chini ya kiwango cha pampu kuwaka.

Linalobaki ni ombwe. Matangi ya nyuzi za kioo yana nguvu dhidi ya presha ya ndani, siyo ya nje. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha ombwe cha kilopaskali 17, ambayo ni maji kushuka mita 1.7 tu. Zaidi ya hapo ganda la ndani linakunjamana na tangi halitengenezeki. Valvu ya njia moja iliyo mwisho wa mfumo haisaidii hapa. Inaweza hata kuongeza ombwe, kwa kuwa nyumba haitatoa tena maji ya kujaza nafasi. Kinachotakiwa ni valvu ya kuingiza hewa iliyotengenezwa kukaa chini ya presha muda wote, iwekwe kabla ya tangi la kwanza, sehemu ya juu kabisa ya bomba, mahali ambapo ikidondosha matone haitaharibu kitu. Bomba likianza kunyonya, inafunguka na kuvuta hewa badala ya kuvuta tangi. Ukifungua kichwa cha kaboni, kagua pia kama kina kikapu cha juu cha kuzuia punje. Kama hakina, kiongeze.

---

kisima_70

Asanteni sana, imenifungua macho. Maswali mawili ya kufuata. Valvu ya springi ina tofauti gani na ile ya ulimi, maana ya ulimi ni rahisi kupatikana? Na kuna aliyeniambia ninunue kile kifaa kikubwa chenye valvu mbili na chumba cha kumwaga maji katikati, nikiweke mwanzoni kimalize kila kitu. Je?

---

fundi_pampu

Ya ulimi husubiri maji yaanze kurudi ndipo yaifunge. Kwa hiyo inafunga kwa kishindo, na inafanya kazi tu ikiwa imelala au maji yakiwa yanapanda. Ya springi hufunga mtiririko unapokoma, kabla haujageuka, na unaweza kuiweka kwa mkao wowote. Fuata mshale ulio mwilini mwake. Iwekee yunioni pande zote mbili na valvu ya kufunga kabla yake, ili kuibadilisha kuwe kazi ya dakika, siyo ya kukata bomba.

Pampu ikishapata valvu mpya, rudia kipimo cha geji baada ya mwezi. Takataka ndogo iliyobaki kwenye bomba inaweza kukaa kwenye kiti cha valvu siku za mwanzo.

---

bomba_na_mfereji

Kile kifaa kikubwa ni kizuri, lakini si cha kumaliza kila kitu. Chumba cha katikati hukaa na presha ndogo kuliko ya mwanzo, na valvu yoyote ikivuja, maji yanamwagwa nje badala ya kurudi. Kinafaa penye sumu. Gharama yake ni presha: huweza kula psi 10 au zaidi, na kwa swichi ya 40/60 matangi yako yatajiosha vibaya. Pia kinatakiwa kupimwa kila mwaka na mwenye vifaa vya kukipima. Kisiwekwe mwanzo wa mfumo. Kama mtafunga umwagiliaji unaochanganya mbolea au dawa ndani ya bomba, kiwekwe kwenye tawi hilo peke yake.

Mambo mawili uliyoyataja mwishoni yananihofisha kuliko mshindo.

Mpira wa pipa la dawa ya wadudu: leo, kabla ya vyote, acha kuuzamisha. Umeme ukikatika mpira ukiwa ndani ya pipa, koki iko wazi, dawa inafyonzwa hadi bomba kuu. Koki hiyo iko kabla ya kaboni, lakini maji yakigeuka kaboni haikulindi, na tangi la kusubirishia litakuwa limeshaingiliwa. Funga kwenye koki ile valvu ndogo ya kuingiza hewa inayokazwa kwenye uzi wa mpira. Usiweke kifaa cha kufunga maji mbele yake, mfano bastola ya kunyunyizia inayoachwa imefungwa na koki ikiwa wazi, kwa sababu valvu hiyo haikuundwa kukaa chini ya presha siku nzima. Kwa pipa la dawa hata hiyo haitoshi. Tengeneza bomba lililosimama lenye mdomo ulioning'inia juu ya pipa, usioweza kufikiwa na maji hata pipa likifurika.

Mipira ya maji ya kuoshea: ichomoe kwenye bomba la maji machafu. Kila mmoja uishie hewani juu ya kikombe cha bomba, pengo likiwa mara mbili ya kipenyo cha mpira na lisipungue milimita 25 kutoka ukingo ambao maji yangefurikia. Mpira wa milimita 20 unahitaji pengo la 40. Ufunge kwa klampu, kwa kuwa unarushwa maji yanapoanza kutoka. Mpira wa mfuriko wa pipa la chumvi usiunganishwe na huo wa kuoshea. Ukiunganisha, maji machafu ya kuoshea yatasukumwa hadi kwenye chumvi. Uteremke peke yake kwa mteremko, nao uwe na pengo lake.

Ukishatoa pampu na kurudisha, tibu kisima. Keshini ya milimita 150 hubeba lita 17.7 kwa kila mita. Una mita 48 za maji, hivyo karibu lita 850. Dawa ya klorini ya asilimia 5, isiyo na harufu ya manukato, lita 1.7, inakupa kama miligramu 100 kwa lita. Kwanza pitisha maji kwa njia ya pembeni yasiingie kwenye kaboni na kilainisha, zungusha maji kwa mpira kurudi kisimani mpaka yanuke klorini, fungua kila koki ya nyumba hadi harufu ifike, kisha acha kwa muda wa saa 12. Maji hayo yamwage nje, mbali na mimea, yasiingie kwenye shimo la choo. Peleka sampuli ya kupima bakteria baada ya klorini kuisha kabisa, ukiichukua kwenye koki iliyo kabla ya mahali pa kudungia, pampu ya dawa ikiwa imezimwa. Ukichukua baada ya taa ya UV utakuwa unapima taa, siyo kisima.